Mzega

Kila Jumamosi nampangusa mama vumbi.
Yuko chumba cha kulia, kati ya saa na kioo,
ukurasa uliokatwa kwenye kitabu cha safari
ukatiwa fremu ya mbao nyeusi.
Bibi mwenye nyumba hajui kuwa ni mama.
Chini yake pameandikwa kwa herufi za madoido:
Mchota maji, Venisi.
Jina hakuna. Jina lake Menie.

Nilimjua kwa bega.
Mchoraji, pamoja na makosa yake yote,
bega la kushoto alilishusha kidogo,
kama mlango uliolegea bawaba moja.
Bega hilo nililalia utotoni,
nikatafuta penye kishimo, pale mti ulipochimba,
shavu langu likatoshea.

Mengine amekosea.
Mzega ameuchora umenyooka kama rula.
Mti wenye ndoo mbili za shaba, zimejaa, haunyooki:
unapinda, unalia kwi, kwi, kila hatua,
na mchukuzi asipokwenda kwa mdundo wake
maji yanamtoka, na yakimwagika hayazoleki.
Miguu ameivisha viatu.
Labda aliona haya, mgeni wa watu.
Mama alivaa viatu kanisani, na siku aliyozikwa.

Kofia amepatia. Ya kiume, ya sufu nzito,
ya marehemu babu;
ilishuka naye kutoka milima ya Friuli
akiwa na miaka kumi na sita,
mpaka mji uliojengwa juu ya maji
usio na tone la kunywa
ila lile mvua ililoliweka akiba chini ya viwanja,
na kisimani kuna kifuniko, na kifuniko kina kufuli.

Siku ile alinisimulia akimenya viazi.
Kengele imekwisha kulia, kisima kimefunguliwa,
wanawake wamejipanga, kamba zinateremka
katika vifereji zilivyokwisha kujichimbia ukingoni.
Akatokea bwana mwenye kiti cha kukunja
na sanduku la kalamu, akainua mkono: simama.
Akasimama.
Ndoo zimejaa, na hawezi kuzitua,
akiinama picha itaharibika.
Njiwa wakaja wakanywa kwenye ndoo ya nyuma,
akawaacha. "Kuwafukuza ningewafukuza kwa nini?
Kwa pua?"

Ngazi themanini na mbili juu, kwa kinyozi,
walingoja maji ya kunyolea wateja.
Walipochoka kungoja wakamwita Catine,
na Catine, aliyejua ngazi zile kama rozari yake,
hakuziachia tena.
Bwana alimpa mama sarafu moja.
Thamani yake safari tatu za kisimani.
Nyumba ya kinyozi ilikuwa mkate wa mwaka mzima.
Nilimuuliza: ulimlaani?
Akatia kiazi majini, tumbwi.
"Alikuwa na mafua," akasema. "Mikono inamtetemeka."

Wageni wakija kula huigeuzia picha viti vyao.
Tazama wepesi wake, husema, utadhani anacheza!
Watu wamesema zamani:
mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mimi nazunguka meza na jagi,
nawamiminia maji ya bomba, baridi, kimya,
maji yasiyojua ngazi.
Mmoja aliniuliza kwa nini nasimama upande.
Nikasema ni desturi ya kwetu.

Mara moja tu niliifungua fremu.
Walikuwa wamekwenda kusikiliza muziki.
Nilichukua chembe ya mkate laini, kama wafanyavyo watoto
wanaofuta makosa kwenye daftari,
nikasugua viatu.
Nilitaka nimrudishie nyayo zake,
zile zilizopasuka visiginoni, zilizojua kila jiwe la ua.
Wino wa mtambo hautoki kwa mkate.
Nilisugua mpaka karatasi ikaota manyoya,
nikaogopa, nikaacha.

Halafu nikaangalia vizuri. Alama za theluji
mchoraji aliziweka, vidoa vyeupe ukingoni mwa kisima;
sikuwahi kuziona kutoka mbali.
Ilikuwa Januari, basi. Jiwe tupu, alfajiri,
na yeye amesimamishwa.

Nikarudisha kioo, nikapigilia misumari.
Nikamwachia viatu vyake.
Avivae.